Kukopa kwa riba ili kulipa madeni: je, kisa cha Zubayr ni hoja?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Madeni yamenizidi. Nalipa huku nikikopa kule, na sasa simu ikiita namwambia mwanangu apokee aseme baba hayupo. Mke wangu hajui lolote. Rafiki yangu, mtu wa darsa, ananiambia nisiogope: Zubayr bin al-Awwam, sahaba wa Mtume, alikufa akidaiwa mamilioni na yakalipwa, na mwenye nia ya kulipa Allah humlipia. Ananishauri nichukue mkopo mmoja mkubwa wa riba nifute yote, kwa kuwa hii ni dharura. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, Allah akufariji. Haifai. Hukumu ya riba unaijua, ndiyo maana umeuliza. Nitasema na hoja za rafiki yako, maana siku hizi nazisikia mno.

Kisa cha Zubayr (r.a.) ni sahihi, kimo katika Sahihi ya Bukhari. Ila rafiki yako amekinyofoa. Zubayr aliuawa mwaka 36 Hijria akiwa na deni la 2,200,000. Lilitoka wapi? Watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana, naye akisema: hapana, iwe mkopo. Amana ikipotea bila uzembe, mwenyewe hana cha kudai. Mkopo lazima ulipwe. Alijitwisha deni ili kulinda haki za watu! Tena aliacha nyumba 11 Madina peke yake, na ardhi ya al-Ghaba aliyoinunua kwa 170,000, ikauzwa 1,600,000. Siku ya vita alimwita mwanawe Abdullah akamweleza kwamba deni ndilo linalomkera kuliko yote, akamuusia alilipe. Abdullah akakataa kugawa urithi mpaka atangaze kwa misimu minne ya Hija: anayemdai Zubayr na aje. Wao waliwatafuta wadai, wewe unawakimbia. Mtu wa darsa hakuliona hilo?

Hadithi ya nia ya kulipa nayo ni sahihi, lakini ina nusu ya pili: anayechukua mali za watu akitaka kuziangamiza, Allah humwangamiza. Sikutuhumu nia. Nasema tu kwamba kukopa upya huku ukijua huna pa kulipia, kisha kuita hiyo nia njema, ni kucheza na maneno ya Mtume (s.a.w.).

Ama dharura, ni pale milango ya halali imefungwa. Wewe hujabisha hata mmoja. Mdaiwa aliyekwama Allah amemwekea njia yake katika Suratul Baqara, aya ya 280: apewe muhula mpaka afarijike, na mdai akisamehe ni bora kwake. Huo mkopo mkubwa unawalipa watu ambao pengine wangekusubiri, unakukabidhi kwa mtu mmoja asiyesubiri, na nyongeza juu. Deni halijapungua hata kidogo.

Lililonikosesha raha katika barua yako ni la mtoto. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na dhambi na deni ndani ya swala, akaulizwa mbona anajikinga sana na deni, akajibu kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Sasa uongo huo umeshamfika mwanao. Acha leo, kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa.

Kisha mwambie mkeo. Ataudhika, ana haki. Andikeni pamoja kila anayekudai na kiasi chake, muone kipi kinaweza kuuzwa na matumizi gani yakatwe. Halafu nenda kwa wadai mmoja mmoja, kwa miguu yako, ukianza na yule unayemwogopa zaidi, useme unachoweza kutoa kila mwezi. Usiahidi zaidi ili tu uondoke salama. Kudaiwa si aibu: Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri.

Na zaka usiionee haya. Wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Ukishaacha kukopa, na ulichonacho hakitoshi kulipa, mpelekee imamu wako orodha ile ile, na umwombe fungu lako lilipwe moja kwa moja kwa wanaokudai.

Wallahu a'lam.