Nyama ikiondoka, nini kinaingia?

Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, ni salama kwa kijana anayekua kuacha kula nyama?", limenigusa kwa sababu nina binti wa miaka 15 ambaye ameiacha kwa hiari yake. Jibu langu ni ndiyo, ni salama. Ila ninyi mmeuliza habari za kinachoondoka kwenye sahani, na mimi kinachonikosesha usingizi ni kile kinachoingia.

Kijana akiacha nyama akabaki na chipsi, mkate mweupe na soda, naye tunamwita mla mboga. Mnyama hajamla, ni kweli, lakini na chakula pia hajakila. Mara nyingi kosa ni letu wapishi: tunaondoa kipande cha nyama kwenye sahani yake, viazi vinabaki, halafu hakuna anayehangaika kupika kitu cha kuziba pengo.

Watu hukimbilia kuuliza protini. Hiyo naipita haraka. Kwa viwango vya Marekani, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban gramu 46 kwa siku, mvulana gramu 52. Maharage, dengu, soya, karanga, mayai na maziwa vinafikisha kiasi hicho bila taabu, mradi ale ashibe na asing'ang'anie chakula kimoja.

Penye kazi ni madini ya chuma. Viwango hivyohivyo vinataka miligramu 15 kwa siku kwa msichana wa umri huo na 11 kwa mvulana. Hedhi ndiyo inayomwongezea binti mzigo. Chuma cha mimea mwili hukifyonza kwa shida kuliko cha nyama, ndiyo maana asiyekula nyama hushauriwa kulenga mara 1.8 ya kiasi hicho. Kwa msichana inafika miligramu 27, na kuzipata kwenye chakula pekee kunataka akili. Limau likikamuliwa juu ya dengu, au chungwa likiliwa papo hapo na mlo, vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo zisubiri mpaka chakula kimeshatulia tumboni. Kuloweka maharage na kumwaga yale maji, kuotesha nafaka au kuchachusha unga hupunguza fitati, kemikali inayokamata chuma na zinki visifyonzwe. Bibi zetu walifanya hayo bila kumsikia mtaalamu yeyote.

Dalili za upungufu wa damu ni uchovu, kizunguzungu, kuhema kwa kupanda ngazi chache. Kwa kijana hizo hupita kirahisi, maana kijana anayelala mchana sote tumeshazoea kumwita mvivu. Mkienda kupima, ombeni feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, pamoja na hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu. Akiba ya chuma huisha kwanza, damu hushuka baadaye.

Kalsiamu ni miligramu 1,300 kwa siku kuanzia miaka 9 hadi 18, zaidi ya anachohitaji mzazi wake, kwa kuwa huu ndio wakati mifupa inajengwa kwa kasi. Anayekunywa maziwa hana tatizo kubwa. Asiyekunywa atafute maziwa ya soya yaliyoongezewa kalsiamu, na asidanganyike na spinachi: kalsiamu imo, lakini oksaleti, kemikali zilizomo humo, huifunga, na sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa.

Kuhusu vitamini B12 sina mjadala na mtu. Kijana aliyeacha pia mayai na maziwa lazima aipate kwenye vidonge au kwenye vyakula vilivyoongezewa. Mimea haina. Spirulina, ule unga wa mwani unaosifiwa sana, ina aina ya B12 ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo kijana anaweza kujiona mzima huku akiba inakwisha, na mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa kuikosa, si lazima ipone yote.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu hao walioacha kila kitokacho kwa mnyama. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mwaka 2009, na tena 2016, kwamba hata mlo huo, ukipangwa vizuri, unafaa kila umri, ujana ukiwemo. Jumuiya ya Lishe ya Ujerumani mwaka 2016 haikuupendekeza kwa watoto na vijana. Mwaka 2024 ikalegeza, ikawa haisemi wale wala wasile. Kama kijana wako bado anakula mayai na maziwa, basi una nafuu kubwa.

Liko jambo moja ambalo swali lenu halikuligusa. Wapo vijana wanaoacha nyama kama njia ya kujinyima chakula bila kuulizwa. Leo nyama, kesho mafuta, mwezi ujao mkate, kisha wanakwepa kukaa mezani na wengine. Akianza kupungua uzito, au hedhi ikakatika, hapo msibishane naye habari za maharage. Mpelekeni kwa daktari.

Kumlazimisha kula nyama sikushauri. Mimi na binti yangu tulipatana: vipimo vya damu kila mwaka, na sahani yake anaipika mwenyewe siku ambazo sisi tunakula nyama. Mayai bado anakula, ingawa ya kukaanga tu.