Kadi ya kazi au kadi ya gemu? Fungua kompyuta usome kibandiko kwanza

Ndugu, umesema uko mwaka wa mwisho wa diploma ya uchoraji wa majengo, unakaa Kasarani, na kuna duka mjini limekuwekea kadi mbili za picha (graphics card) za mtumba kwa bei inayokaribiana: Quadro P2000 ya GB 5, ambayo ni kadi ya kazi, na GTX 1660 Super ya GB 6, ambayo ni kadi ya gemu. Unachora kwa Revit, picha za kumwonyesha mteja unatoa kwa Lumion, na wikendi unacheza gemu. Muuzaji anakusukumia Quadro kwa kuwa ni "ya mainjinia". Njia hiyo nimeipita, acha nikueleze kwa kirefu.

Chukua 1660 Super. Ila kuna jambo moja hukulitaja popote, nalo ndilo linaloamua: pawa saplai yako, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya wati ngapi, na ina waya gani?

Mimi huchora ramani za nyumba, ofisi yangu ni chumba kimoja cha nyumba yangu Kayole. Nilianza na Dell OptiPlex ya mtumba, zile zinazotoka kwenye maofisi ya Uingereza na kujaa kwenye maduka ya Luthuli, mjini Nairobi. Ni mashine ngumu, sina neno baya juu yake, lakini ilitengenezewa barua na hesabu. Nikainunulia GTX 1060 ya GB 6, nikapanda matatu nayo nimeipakata. Usiku nikaifungua kompyuta juu ya meza ya kulia, nikamulika kibandiko cha pawa saplai kwa simu: wati 240. Kadi peke yake hula hadi wati 120, na ilitaka waya wa pini sita ambao haukuwepo ndani ya ile kompyuta. Fundi mmoja akaniuzia adapta inayochomekwa kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Wiki ya pili, nikiwa katikati ya kurenda, yaani kuiachia kompyuta itengeneze picha kamili, za maisoneti ya mteja, nikasikia harufu ya plastiki. Nilizima kila kitu ukutani. Nilipofungua, plagi ya SATA ilikuwa imelainika na kuvimba upande mmoja, na waya wa njano umegeuka kahawia pale unapoingia. Hesabu yake haina siri. Plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 hivi kwenye volti 12. Plagi ya pini sita ya kadi inaruhusiwa kuvuta 75, ya pini nane 150. Ukipewa adapta ya namna hiyo, irudishe hapo hapo kaunta. Kuna watu wanalala chumba kimoja na kompyuta inayorenda usiku kucha, na hilo ndilo linalonifanya niliseme kwa ukali.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye Quadro P2000, na ndipo nilipojifunza kuwa jina la kadi linaficha mengi. P2000 na GTX 1060 zimetokana na chipu ile ile, GP106. Ile ya gemu ina viini vya kukokotoa 1280, ile ya kazi imeachiwa 1024 na kupunguzwa kasi hadi ikatosheka na wati 75, kiasi ambacho nafasi yenyewe ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inatoa. Haihitaji waya wowote wa ziada. Ni nyembamba, inakaa nafasi moja, feni yake haikusumbui usiku. Kwa OptiPlex yangu ilikuwa jibu. Lakini picha zilitoka polepole kuliko kwenye 1060, na hilo nililiona siku ya kwanza. Jambo jingine dogo: nyuma ina DisplayPort nne na haina HDMI hata moja, kwa hiyo skrini yangu ya zamani ilinirudisha mjini kutafuta adapta.

Sasa, kadi za kazi kwa nini zipo basi? Unachokilipia zaidi ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ambayo imejaribiwa na kuidhinishwa pamoja na watengenezaji wa SolidWorks, CATIA, Siemens NX na wenzao. Rafiki yangu mmoja huchora mashine za kusaga kwa ajili ya mafundi wa Kariobangi Light Industries. Yeye anatumia SolidWorks, na huko kadi ya gemu inakunyima RealView, ile hali ya kuonyesha muundo kama kitu halisi, na ukizungusha muundo wenye vipande vingi unaanza kukwama. Huyo nilimwambia anunue Quadro bila kufikiri mara mbili. Kadi kubwa za kazi huwa pia na memori ya ECC inayojirekebisha makosa, na hilo lina maana kwa anayepiga hesabu za siku nzima, si kwa picha ya sebule.

Wewe si huyo. Revit inategemea zaidi prosesa na RAM. Nimeiendesha kwenye 1060 na kwenye P2000, na kazi ya kuchora haikubadilika. Lumion na Twinmotion zinafanya kazi kama gemu (Twinmotion imejengwa juu ya Unreal Engine, injini ya gemu), na zinataka nguvu na memori ya kadi. Blender vilevile. Tena tangu 2019 NVIDIA, mtengenezaji wa chipu za kadi hizi zote, inatoa Studio Driver kwa kadi zake za gemu, GeForce, iliyojaribiwa kwa programu za wabunifu, kwa hiyo lile pengo la draiva kwa kazi yetu ni dogo mno.

Kuna na umri. P2000 ni ya kizazi cha Pascal, sawa na 1060, na NVIDIA imeshaacha kukitolea draiva za kawaida. Kilichobaki ni za usalama tu. 1660 Super ni ya Turing, kizazi kinachofuata, ambacho bado kinahudumiwa. Kununua leo kadi ambayo mtengenezaji ameanza kuiaga, kwa bei ile ile, mimi sioni sababu.

Lakini 1660 Super hula wati 125 na inataka pawa saplai ya 450 hivi yenye waya wa pini nane. Kama mashine yako ni ile ndogo ya kulaza, wala usijaribu, na hata hiyo P2000 haitaingia maana ni ndefu kwa kimo. Hapo tafuta kadi ya kazi ya T1000, ni fupi na inatosheka na wati 50, au RTX A2000 mfuko ukiruhusu, ambayo ni wati 70 na ina viini vya kufuatisha miale ya mwanga. Mimi hatimaye niliuza OptiPlex, nikachukua kompyuta kubwa na RTX 3060 ya GB 12. Memori hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko kitu chochote: mtaa mzima wa nyumba na miti yake unaingia bila programu kufunga ghafla.

Ukienda dukani, beba flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ipi hasa. Kadi za bandia zipo, za zamani zilizobadilishwa jina ndani, na programu hiyo huzitaja wazi kuwa ni bandia. Omba waiache ikifanya kazi nzito kwa dakika kumi na tano mbele yako, uangalie joto na usikilize feni. Anayekataa, mwachie kadi yake.

Leo jioni fungua ubavu wa kompyuta, piga picha kibandiko cha pawa saplai na zile waya zinazoning'inia, uziweke hapa kabla hujatuma hata shilingi moja kwa M-Pesa.