Kitufe ambacho mama wa Sengerema hakukiona

Jumanne usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Kahama. Anafungua duka la vipuri vya pikipiki na anajitengenezea tovuti mwenyewe. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Naomba unisaidie kitu kimoja tu. Wageni wa tovuti siku hizi wengi wanatumia skrini ya ukubwa gani, ili na mimi nitengeneze kwa kipimo hicho?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu la haraka ni hili: kwa wateja wa Kahama, anza na upana wa pikseli 360, yaani vile vipande vidogo vya kupimia skrini. Ila nilivyousoma ujumbe wako usingizi ulikata, maana swali hilo nilijiuliza mimi mwenyewe mwaka 2018, nikajijibu vibaya, na jibu lile likanikosesha kazi. Nivumilie, nitazunguka kidogo kabla ya kurudi kwako.

Kompyuta nimejifunzia intaneti kafe hapa Mwanza, enzi za mashine za chogo. Skrini zote zilikuwa za pikseli 1024 kwa upana na 768 kwa urefu. Kabla ya hapo tovuti nyingi zilikuwa na maandishi chini kabisa yakisema zinaonekana vizuri kwenye 800 kwa 600, na nyuma zaidi watu walibanana kwenye 640 kwa 480. Mafundi wa wakati huo walikuwa na haki ya kuuliza kipimo cha wengi, kwa sababu vipimo vyenyewe vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ilipokuja 1024, wengi walichagua kujenga kwa upana wa 960. Inabaki nafasi ya ile reli ya pembeni ya kusogezea ukurasa, halafu 960 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12 bila kubakiza kitu. Ukipanga safu zako zinakaa sawasawa. Mimi niliikariri 960 kama jedwali la kuzidisha, na nikaendelea nayo miaka mingi baada ya wenzangu kuiacha.

Habari za mabadiliko nilizisikia. Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala iliyowaonyesha mafundi namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojikunja na kujinyoosha kufuata skrini ya mgeni. Oktoba 2016 kampuni ya takwimu ya StatCounter ilihesabu kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, kurasa zilizofunguliwa kwa simu na tableti zimezipita zile za kompyuta: asilimia 51.3 kwa 48.7. Nilisoma yote haya. Nikayaona ni mambo ya Ulaya na Marekani, wakati waliokuwa wakiishi na simu mkononi ni mama yangu, wadogo zangu, na muuza samaki wa Mwaloni. Mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Mwishoni mwa 2018 nikapata kazi yangu kubwa ya kwanza, shule moja ya sekondari ya binafsi. Nilikopa hela nikanunua kioo kipya cha kompyuta cha 1920 kwa 1080, nikajifungia ndani wiki tatu. Siku ya kuwasilisha, tovuti ilimulikwa ukutani kwa projekta kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Picha ya jengo ilijaa ukuta mzima. Walimu walipiga makofi. Mhasibu akanilipa nusu ya fedha palepale, nikatoka nikijiona nimefika.

Ukurasa muhimu kuliko yote ulikuwa wa fomu za kujiunga. Nilipanga jedwali: kidato, ada, muhula, mahitaji, na safu ya mwisho kabisa kulia nikaweka kitufe cha kupakua fomu. Nyumbani nilijaribu kuufungua kwa simu yangu. Ukurasa ulikuwa unayumba kushoto na kulia, haukutulia. Nikatafuta dawa mtandaoni, nikaandika amri moja ya kuficha chochote kinachozidi upana wa kasha la nje. Ukatulia. Nikaenda kulala bila kujiuliza nimeficha nini.

Wiki mbili baadaye nilikuwa ofisini kwa karani wa shule, nimefuata nusu yangu ya pili. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kitenge kina vumbi la safari. Alikuwa ametoka Sengerema, amevuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata fomu ya mjukuu."

Karani akamjibu kwamba fomu ziko kwenye tovuti, angepakua tu hukohuko nyumbani.

"Hiyo tovuti nimeifungua tangu juzi," akasema yule mama. "Ada nimeiona. Fomu sijaiona. Bando limeisha naitafuta."

Nikamwomba simu. Ilikuwa simu ndogo, na maandishi alikuwa ameyakuza kwenye mipangilio kwa sababu ya macho. Jedwali langu lilikatika kwenye safu ya muhula. Kitufe hakikuwepo. Nilisukuma kwa kidole kwenda kushoto, ukurasa haukusogea, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeuzuia usisogee. Nilijaribu kubana kwa vidole viwili ili ukurasa usinyae, nikakuta hilo pia nimelizuia. Nilisimama pale na simu ya mtu mkononi, nimekosa la kusema. Karani alichapa fomu, mama akanishukuru, tena akanishukuru mimi, akaenda kuwahi kivuko.

Ya katikati nayaruka. Mkuu wa shule alinipigia wiki iliyofuata, na kuna sentensi yake moja sijaisahau: "Wazazi walikuwa wanalalamika hawaoni fomu, sisi tukadhani hawajui kutumia simu." Kazi akapewa mtu mwingine. Nusu yangu ya pili sijalipwa hadi leo. Niliumia kwa fedha, lakini yale maneno kwamba wazazi hawajui kutumia simu yaliniuma zaidi, maana walikuwa wanajua vizuri kabisa. Makosa yangu yalibandikwa juu ya vichwa vya watu wazima waliolipa bando lao.

Usiku wa siku ile nilifungua takwimu za tovuti. Google Analytics, ile huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, nilikuwa nimeiweka tangu siku ya kwanza, ila orodha ya ukubwa wa skrini sikuwahi kuitazama. Mstari wa juu kabisa ulikuwa 360 kwa 640. Ile 1920 kwa 1080 ilikuwa chini huko, na nilipoangalia tarehe na saa nikatambua kwamba nyingi ya ziara hizo ni zangu mwenyewe, usiku, nikiistaajabia kazi yangu.

Sasa, mdogo wangu, hapa ndipo wengi wanapopotea wakishaiona orodha hiyo, kwa hiyo nikueleze taratibu.

Boksi la simu linaweza kuandikwa 720 kwa 1600, lakini takwimu zikasema 360 kwa 800. Hakuna aliyedanganya. Simu ina nukta 720 za kweli kwenye upana wake, ila zimesongamana sana, na kama kila pikseli ya tovuti ingepewa nukta moja tu, herufi zingekuwa ndogo kama mchanga. Kwa hiyo simu inachukua nukta mbili kwa upana na mbili kwa urefu kuchora pikseli moja ya tovuti. 720 ukigawa kwa 2 unapata 360. Hiyo 360 ndiyo ya kupangia ukurasa. Ile 720 ikusaidie kwenye picha: picha ya kujaza upana wa simu hiyo inatosha ikiwa na pikseli 720. Ukipandisha picha ya 4000 kama ilivyotoka kwenye kamera, mteja wako analipia kwa bando lake pikseli ambazo hataziona kamwe.

Kompyuta nazo zina mambo yao. Utakuta 1536 kwa 864 kwenye orodha na utajiuliza ni laptopu gani hiyo. Ni ileile ya 1920 kwa 1080, mwenyewe kaikuza Windows kwa asilimia 125. Utaikuta pia 1366 kwa 768 ya laptopu za kawaida za ofisini, na ukiiona usidhani una 768 zote za urefu. Toa vichupo vya kivinjari, toa sehemu ya anwani, toa mwambaa wa chini wa Windows, kinachobaki ni kidogo kuliko unavyodhani. Takwimu zinakupa ukubwa wa skrini, lakini mgeni anakutazama kupitia dirisha la kivinjari, na dirisha hilo anaweza kuwa amelibana nusu ili upande wa pili afungue WhatsApp.

Simu za leo utazikuta kwenye 360, 390, 393, 412, na kesho itakuja nyingine. Ndiyo maana kumtafutia kila mtu kipimo chake hutamaliza. Jenga kitu kinachokunjika. Kuna mstari mmoja, mafundi huuita viewport, unaowekwa kichwani mwa msimbo wa ukurasa kuiambia simu itumie upana wake halisi. Usipouweka, Safari ya iPhone hujifanya ina upana wa 980 na kuusinyaza ukurasa wote hadi msomaji akodoe macho. Weka mstari huo. Usizuie watu kukuza kwa vidole. Pima chini hadi 320, kwa sababu miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuhusu tovuti zinazofikiwa na watu wote, toleo la Juni 2018, inataka mtu asome kwa upana huo bila kusogeza ukurasa pande mbili. Jedwali pana lipe kasha lake lisogee peke yake, au ligeuze liwe orodha. Na kitufe cha muhimu kisikae kulia kabisa mwa kitu chochote.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, nililipata kwa yule mama. Takwimu zinawahesabu waliofanikiwa kufika. Ile hati ya kuhesabia, yaani msimbo mfupi unaowahesabu wageni, inapakuliwa pamoja na ukurasa. Mtu akichoka kusubiri akafunga kabla haijafika, hayumo. Anayetumia kivinjari cha Opera Mini katika hali ya kubana data sana, ukurasa wake unaandaliwa kwanza kwenye seva za Opera, na hati nyingi hazifanyi kazi kama zinavyofanya kwenye Chrome, kwa hiyo naye anaweza asionekane. Wenye simu za vitufe zenye skrini ya 240 kwa 320 wakija mara moja wakakuta fujo hawarudi, na wewe utatazama orodha yako useme, mbona hawa ni wachache, niwaache. Hao wachache ni wachache kwa sababu uliwafukuza! Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nasikia mafundi wenye uwezo kunizidi wakisema kila siku, "hao ni asilimia ndogo." Huwezi kuijua asilimia ya watu uliowafungia mlango. Mwenye duka hasemi vilema hawaji dukani kwake wakati ameweka ngazi kumi na mbili.

Shika simu mkononi. Hilo ndilo la msingi. Ile sehemu ya Chrome ya kuigiza simu ni nzuri na mimi naitumia kila siku, lakini haina kidole gumba, haina jua la saa saba, haina ufa kwenye kioo, na mtandao wake ni wa ofisini kwako. Shika simu mkononi, tena ya bei nafuu, toka nje nayo, kuza maandishi kwenye mipangilio kama mtu mwenye miaka 60, kisha jaribu kununua plagi ya pikipiki kwenye tovuti yako mwenyewe. Mpe na mtu mwingine ajaribu, na ukae kimya wakati anajaribu. Kukaa kimya ni kugumu. Mara ya kwanza nilimpa shangazi yangu na kabla dakika haijaisha nilishamwelekeza mara tatu wapi pa kubonyeza.

Mwezi uliopita shule nyingine, ya mkoa jirani, ilifungua usajili kupitia tovuti niliyowajengea. Safari hii nilianza na upana wa 360, kompyuta nikaishughulikia mwisho. Kila kidato kina kadi yake, ada juu, mahitaji chini, na kitufe kimeshika upana wote wa skrini. Siku ya kuwasilisha sikukubali projekta. Niliwaomba walimu watoe simu zao wenyewe, kila mmoja aitafute fomu ya kidato cha kwanza na kuipakua, na sikufungua mdomo hadi wa mwisho alipoinua mkono. Mhasibu wao alinipigia Ijumaa kuniambia kwamba msimu huu wazazi wanafika na fomu zimeshajazwa. Nililipwa nusu zote mbili, lakini simu ile ya Ijumaa ndiyo niliyomsimulia mke wangu wakati wa kula.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kahama, endelea na tovuti yako. Ikifika mahali inafunguka, hata kama haijaisha, nitumie kiungo. Kwenye droo yangu nina simu nne kuukuu, na moja ni itel yenye ufa upande wa kulia, palepale nilipowahi kuweka kitufe cha watu. Nitaanza na hiyo.