Kutoka kuchora mapovu hadi kuongoza filamu

Umeuliza kama mchoraji wa maji na moshi katika filamu za katuni anaweza kuwa mwongozaji. Anaweza. Mtazame Mark Dindal: alisimamia michoro ya aina hiyo kwenye The Little Mermaid (1989), akaja kuongoza Cats Don't Dance (1997) na The Emperor's New Groove (2000). Hiyo ya mwisho ilianza kama mradi mzito. Mwongozaji mwenzake, Roger Allers, alipoondoka, ikageuzwa kuwa vichekesho vitupu.

Kama ndio unaanza: sekunde moja ni fremu 24 (yaani picha 24 za filamu), ila moshi wa polepole unatosha kwa michoro 12, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Povu lisipande kwa hatua zinazolingana, litaonekana kama shanga inayovutwa kwa uzi. Libonyee, liyumbe, lipanuke kidogo likikaribia juu.