Radiani sio ya kukariri, jibu kwa mdogo wangu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu)

Mdogo wangu umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwanini ukifika fomu faivu wanakuletea radiani wakati digrii zilikua zinatosha, kwanini kalkuleta inakwambia sin 30 ni -0.988, na lile swali la spidi ya ncha ya panga la feni ya mizunguko 300 kwa dakika limekushindaje. La kalkuleta ni dogo, iko kwenye radiani, angalia herufi R pale juu ya kioo, kwahiyo imeichukua 30 kama radiani 30, imezunguka duara mara nne na robo tatu hivi ndo ikasimama. Irudishe kwenye D utapata 0.5 yako. La kwanza ndo nataka tulikalie maana lilinisumbua sana.

Mi nimekulia Ujiji, nyumbani tulikua tunakamua mawese. Wanaolijua lile pipa wanaelewa, chikichi zikishachemka zinamwagwa ndani, katikati kuna chuma kimesimama kina vyuma vya kupondea, afu juu yake umefungwa mti mrefu umelala, watu mnausukuma mkilizunguka pipa. Baba mdogo alikua ananiweka mwishoni kabisa mwa mti, kama mita mbili toka katikati, kwasababu huko ndo mti mwepesi kusukuma, na mdogo wangu wa nyumbani anashika kwa ndani kwenye mita moja. Mzunguko tunamaliza pamoja, sekunde nane hivi, ila mi natembea haraka haraka hadi jasho linatiririka, yeye anajivuta tu taratibu.

Sasa fomu faivu likaja swali la mwendo wa duara linalofanana kabisa na ule mti. Nikaandika mzunguko mmoja sekunde 8, 360 gawanya kwa 8 ni 45, v = ωr (spidi ni ω, yaani pembe kwa sekunde, mara rediasi), 45 mara 2, mita 90 kwa sekunde. Mwalimu akaizungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni "km 324 kwa saa?" Nilikaa na ile karatasi muda mrefu sana, fomula ni ile ile ya kwenye daftari na hesabu nimezidisha sawa, na mti nimeusukuma kwa mikono yangu najua hakuna mtu anaenda spidi hiyo.

Kilichonifungua ni ringi ya baiskeli. Kata kamba nyembamba, urefu wake toka katikati ya ekseli hadi ukingoni mwa ringi. Afu ilaze hiyo kamba kwenye ukingo, ifuate duara. Ile pembe inayofunguka pale katikati, toka kamba inapoanza hadi inapoishia, ndo radiani moja, kama digrii 57.3. Endelea kulaza, zitaingia kamba sita na kipande kidogo zaidi ya robo, 6.283, ndo hiyo 2π mnayoandika kila siku. Nenda kwenye ringi ya baiskeli ya mtoto ukate kamba yake, zitaingia sita na kipande kile kile. Hakuna mtu aliyechagua hiyo namba! 360 tumerithi kwa watu wa Babeli waliokua wanahesabu kwa sitini sitini, ila radiani duara linajipima lenyewe kwa rediasi yake. Roger Cotes, mwanahisabati wa Uingereza, alishaliona wazo hili mwaka 1714, na hilo jina "radiani" likaja baadae, profesa James Thomson alilitumia kwenye mtihani kule Belfast mwaka 1873.

Kwahiyo ukisema pembe ni radiani θ umeshasema tao lina rediasi ngapi, zidisha kwa r unapata urefu wa tao, basi. Rudi kwenye mti: 2π gawanya kwa 8 ni 0.785, mi mita mbili nilikua naenda 1.57 m/s, yule mdogo wa mita moja 0.785, pembe moja ila njia yangu mara mbili ya yake.

Hata ile θ/360 mara 2πR ya fomu foo kwenye dunia kama tufe ni ubadilishaji wa radiani umefichwa humo. Kigoma na Tabora zote ziko karibu na latitudo 5 kusini, longitudo zimepishana kama digrii 3.2, yaani radiani 0.056, zidisha kwa 6370 (rediasi ya dunia kwa km) na cos 5, unapata kama km 350 kwa angani. Reli inazidi hapo, inapinda pinda.

Kwenye kalkulasi ndo usijaribu digrii kabisa. Pembe ya radiani ikiwa ndogo sin yake inakaribia kulingana na pembe yenyewe, sin ya radiani 0.1 ni 0.0998, na ndo maana ukitafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya sin unapata cos safi. Ukifanya kwa digrii inakuganda π/180 mbele, na kila ukitafuta tena inaongezeka nyingine. Ila pembetatu za kawaida za kutafuta upande tumia digrii tu bila wasiwasi.

Feni yako sasa: 300 mara 2π gawanya kwa 60, radiani 31.4 kwa sekunde, panga lina mita 0.5, ncha inaenda 15.7 m/s. Ukiwa umepata 900 ni kosa lile lile la digrii lililonipa ile 90 yangu.