Tangazo la C linasomwa kuanzia kwenye jina

Swali: Shikamoo kaka. Niko Kigoma, huku Mwanga, najifunza C, lugha ya kuandikia programu, mwenyewe kwa laptopu ya kuazima. Mimi naona `int *p[10]` na `int (*p)[10]` ni kitu kimoja ila rafiki yangu anabisha. Halafu jana nimekutana na hii nikafunga laptopu nikalala:

`void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);`

Inasomwaje hii?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi, na tatizo lako ni moja tu, unaanzia kushoto kama unasoma barua. Mistari kama hiyo inaitwa matangazo, inaiambia C jina fulani ni kitu cha aina gani. Tafuta jina kwanza. Ukishalipata angalia kulia kwake, ukiona `[ ]` sema "arei ya" (arei ni safu ya vitu vya aina moja), ukiona mabano ya fankshini sema "fankshini inayorudisha" (fankshini ni kipande cha kodi unachokiita kwa jina kikufanyie kazi), na ukigonga bano la kufunga au semikoloni ndo unageuka kushoto, huko nyota unaisoma "pointa ya" (pointa inashika anwani ya kitu kwenye memori), ukifika kwenye bano la kufungua unatoka nje yake na kuanza tena kulia. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Tuje kwa `int *p[10]`. Jina ni p, kulia kuna `[10]`, kwahiyo p ni arei ya vitu kumi, kushoto nyota, yaani pointa kumi za int (int ni namba nzima). Sasa `int (*p)[10]`: kulia ya p unagonga bano hapohapo, unageuka, nyota, p ni pointa, unatoka nje unakuta `[10]`, pointa moja tu ya arei ya int kumi. Ukimbishia rafiki yako basi print `sizeof p`, yaani ukubwa wa p, kwenye laptopu ya biti 64 ile ya kwanza itakupa baiti 80 na ya pili 8. Na ile ya pili ukiandika `p + 1` inaruka arei nzima, baiti 40, watu wengi hapo ndo wanalia.

Kwanini walifanya hivi? Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970 mwanzoni, alitaka tangazo lifanane na matumizi. Ukiandika `int *p[10]` maana yake ni kwamba siku utakayoandika `*p[3]` utapata int. Wazo zuri tu, ila nyota kukaa mbele ya jina ndo imeleta balaa la mabano, Pascal, lugha nyingine ya programu, wao alama yao ya pointa `^` wanaiweka nyuma ya jina na hawana hii shida. Kwa maoni yangu Pascal walituzidi hapo.

Mimi mwenyewe nishaumia. Hapa Tabora kuna mzee ananunua asali kwa wafugaji nikamtengenezea mzani wa kichipu wenye vitufe vinne, kila kitufe na fankshini yake, nikaandika `void *menyu[4](int)` na kompaila (programu inayogeuza kodi iwe ya mashine) ikagoma ikasema nimetangaza arei ya fankshini, kitu ambacho C haina kabisa. Nilichotaka ni `void (*menyu[4])(int)`, arei ya pointa nne za fankshini. Mabano mawili tu yamenila jioni nzima! Kwahiyo ukisoma ukajikuta unasema "arei ya fankshini" au "fankshini inayorudisha arei", jua umekosea kusoma au aliyeandika ndo kakosea.

Haya, lile dude lako. Jina ni signal. Kulia kuna mabano yenye vitu viwili, kwahiyo ni fankshini, inapokea int na kitu kinaitwa func (hicho kisome peke yake kwa njia ileile, ni pointa ya fankshini inayopokea int na hairudishi kitu). Tukirudi kwa signal, ukimaliza kulia unagonga bano, geuka kushoto, nyota, inarudisha pointa, toka nje, kulia kuna `(int)`, pointa ya fankshini inayopokea int, kushoto kabisa `void`, yaani hairudishi kitu. Yaani unaipa fankshini ya kushughulikia signali (taarifa ambayo mfumo unaitumia programu yako) na yenyewe inakurudishia ile ya zamani.

Kwenye kodi yako usiandike hivyo, ipe aina hiyo jina fupi kwa `typedef`, fanya hivi:

`typedef void (*mshikaji)(int);`
`mshikaji signal(int sig, mshikaji func);`

Ni kitu kilekile, na mtu anasoma bila kuumwa kichwa. Jina la mshikaji ni langu mimi, weka lako.

Ukikwama tena kuna kiprogramu kinaitwa cdecl, unakipa tangazo kinakusomea kwa Kiingereza, ila jisomee kwanza kwa mdomo ndo ukiulize. Na kabla sijasahau, `int* a, b;` hapo b siyo pointa, ni int ya kawaida, nyota ni ya a peke yake.