Fidla haikumnyang'anya Regina Carter asili yake

Mmeuliza wiki hii kama mtoto wa Uganda anayefundishwa fidla au piano, badala ya endingidi (fidla yetu ya uzi mmoja) na adungu (kinubi chetu), hapotezi muziki wa kwao. Nasema hapotezi, mradi sikio lake lifundishwe pamoja na vidole. Shahidi wangu ni mpiga fidla wa jazi, Regina Carter wa Detroit, Marekani.

Carter alizaliwa mwaka 1966. Akiwa na miaka minne aliwekewa fidla begani na kufundishwa kwa mfumo wa Mjapani Suzuki: mtoto husikia na kuiga kwanza, noti zinafuata baadaye, kama anavyojifunza lugha ya mama. Naamini mengi yaliyomtokea baadaye yanaanzia hapo. Alikuwa akielekea kwenye okestra za muziki wa Ulaya, lakini ujanani akamsikia mpiga fidla wa jazi Mfaransa, Stéphane Grappelli, jukwaani, akibuni papo hapo juu ya nyuzi zile zile nne, na njia ikageuka. Alianza chuo Boston, kisha akarudi Michigan kusoma katika Oakland University kwa sababu aliitaka jazi. Huko mwalimu alimkalisha kwenye bendi pamoja na wapiga saksafoni. Mimi ninayefundisha watoto muziki hapa Mbale naona busara kubwa katika uamuzi huo. Upinde wa fidla unaweza kwenda na kurudi bila kukoma, lakini mpiga saksafoni lazima avute pumzi. Anayekaa karibu naye hujifunza kukata sentensi ya muziki mahali ambapo binadamu angeikata.

Baadaye alipiga na kundi la wanawake la Straight Ahead, akahamia New York, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1995. Desemba 2001 alialikwa Genoa, Italia, kupiga fidla ya Paganini, mpiga fidla maarufu wa kale wa Italia, iliyotengenezwa na Guarneri mwaka 1743, ile iitwayo Il Cannone. Wapo waliopinga mpiga jazi kuishika hazina ile. Akaipiga, na akawa mwanajazi wa kwanza na Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2006 akapewa tuzo ya MacArthur ya Marekani, dola 500,000, zikampa nafasi ya kufanya kazi aliyoitaka.

Na kazi hiyo inatuhusu sisi. Albamu yake ya mwaka 2010, Reverse Thread, imejengwa juu ya nyimbo za Afrika na za watu wenye asili ya Afrika. Alisikiliza rekodi za zamani zilizonaswa kwa watu wenyewe, kisha akazipanga upya kwa fidla, akodiani, kora (kinanda cha nyuzi cha Afrika Magharibi), besi na ngoma. Kuna wimbo wa Mkenya Ayub Ogada, Kothbiro. Wa kwanza kabisa kwenye albamu, Hiwumbe Awumba, umetoka kwa Abayudaya, Wayahudi wa hapa hapa Mbale, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu mwaka 1919 na ambayo ibada zake zilipigwa marufuku enzi za Idi Amin. Msikilize anavyouingia: hakimbilii kuonyesha ufundi wake, anauacha wimbo uzunguke kwanza. Fidla aliyofunzwa tangu utotoni kwa muziki wa Ulaya ndiyo iliyomfikisha Nabugoye, kilima cha Abayudaya hapa Mbale.

Najua kuna atakayesema kwamba huyo ni Mmarekani, ameazima na kuondoka. Hoja hiyo naiheshimu, na inaniuma kwamba wimbo wa mlima ninaouona kila siku unajulikana kwenye majumba ya tamasha New York kuliko kwenye madarasa yetu. Lakini kosa hilo si la fidla. Taarab ya Unguja imeibeba fidla kwa vizazi, na hakuna anayeiambia leo kwamba imepoteza Uswahili wake.

Kinachotuumiza ni namna tunavyofundisha. Mtoto anaandaliwa kwa mitihani ya gredi, yaani ngazi za ufundi wa muziki, vipande vitatu kwa mwaka, vyote vya kusoma kwenye karatasi. Anafaulu, wazazi wanafurahi. Mwimbie wimbo ambao bibi yake alimbembelezea, mwambie autafute kwenye nyuzi, anakutazama tu. Nimemwona mtoto wa gredi ya tano akishindwa hivyo, na aliyefanya vibaya hakuwa yeye.

Wenye kutusaidia tunao. Endingidi ina uzi mmoja na haina ubao wa kukandamizia vidole, kwa hiyo anayeipiga hutafuta kila sauti kwa sikio. Marehemu Albert Ssempeke, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alipiga endingidi, filimbi, ennanga (kinubi) na amadinda (marimba), vyote bila karatasi mbele yake. Shule inayomlipa mwalimu wa fidla imlipe na mpiga endingidi aje mara moja kwa wiki, akae darasa lile lile, apige mstari mmoja, watoto waujibu kwa fidla zao. Alipwe kama mwalimu, asipewe nauli na soda. Na wimbo utakaojifunzwa uandikwe umetoka kijiji gani na kwa nani, kama Carter alivyotaja zake.

Msomaji, Mbale